Breki ya Mkono wa Kushoto

Hakuna mtu aliyemfundisha Allal kuendesha kipikipiki, na kwa sababu hiyo alijiona mwalimu. Karibu vijana wote wa kichochoro chao, kule Sidi Youssef, upande wa kusini wa Marrakech, walipita mikononi mwake. Aliwapandisha kwenye kipikipiki chake cha pedali, kile kidogo ambacho sheria haikukidai leseni, mtoto mbele, yeye nyuma na magoti nje, na somo lake lilikuwa moja tu. Breki ya mkono wa kulia ni ya gurudumu la mbele, hiyo itakurusha juu ya usukani, iache. Ukishtuka, kamata kushoto. Akimwona mtoto amezubaa, alimpigia kelele ghafla sikioni, "Punda!", na mtoto alifinya kushoto mpaka vidole vikageuka vyeupe. Alirudia hivyo mpaka mkono ushike wenyewe kabla kichwa hakijawahi kufikiri. Wenzake kwenye kazi ya lipu walimtania kwamba afungue chuo. Yeye alicheka nao, lakini moyoni aliona hawajakosea.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mwanawe, Marwan, na Marwan ndiye aliyekufa.

Alikufa msimu wa maua ya michungwa, mchana kweupe, kwenye barabara ya Ourika, akirudi mjini juu ya pikipiki kubwa ya gia aliyokuwa ameinunua majuzi tu. Mkokoteni uliojaa nanaa ulitoka shambani ukaikata barabara, naye akaingia ubavuni mwake. Mwenye mkokoteni, Hmad, mtu mzima asiye na sababu ya kusema uongo, aliapa mbele ya askari na baadaye mbele ya waombolezaji kwamba nafasi ya kusimama ilikuwepo. Kijana alimtazama usoni kabisa, alisema, na badala ya kushika breki akavuta mafuta. Injini ilipiga ukelele. Askari nao walitafuta alama ya tairi juu ya lami wasiione.

Maneno hayo yalifika mtaani kabla ya jeneza. Tena watu walijua kwamba siku chache nyuma wazazi wa binti aliyempenda walikuwa wameirudisha sukari ya posa, wakasema binti yao bado mdogo. Basi wakajumlisha wenyewe. Hakuna aliyelitamka neno lile ndani ya nyumba ya msiba, walikuwa na adabu zao. Walilitamka nje, wakivaa viatu, na dirisha la Mbarka, mama yake Marwan, lilikuwa papo hapo juu ya viatu vyao.

Tangu siku hiyo Mbarka hakulia kama mama wengine waliofiwa. Aliogopa. Ijumaa alipika kuskusi ya sadaka ili ipelekwe msikitini, kisha akakaa nayo mlangoni mpaka ikapoa, akijiuliza kama sadaka ya mtu aliyejitoa roho inapokelewa. Hakumuuliza imamu, maana angejibiwa. Alimuuliza mumewe, na swali lilikuwa lilelile kila jioni chai ikimiminwa: "Kwa nini hakushika breki?"

Tuseme ukweli, Allal alikuwa amemkasirikia maiti. Alijua mkono ule alivyoulea. Mkono ule usingeacha kushika breki isipokuwa mwenyewe ametaka, na kwa wazo hilo hata makaburini alikwenda akasimama mbali, akasoma Fatiha haraka, akaondoka.

Pikipiki ilirudishwa na askari. Fundi wa gereji aliunyoosha usukani na uma wa mbele, ikakaa uani, imefunikwa shuka. Mbarka hakukubali iuzwe. Ikapita hivyo mpaka kipikipiki cha Allal kilipokata roho moja kwa moja, akabaki fundi wa lipu mwenye kazi ng'ambo ya mji na ndoo za chokaa za kubeba. Shuka ikaondolewa. Lakini injini ile ilikuwa ya leseni, mafunzo na mtihani, na siku hizo askari walikuwa wamesimama kila mzunguko wa barabara. Akajiandikisha kwenye shule ya udereva, mzee mzima, akiona haya kama bwana harusi.

Alikumbuka, siku anajiandikisha, kwamba Marwan naye alitaka kuja hapohapo. Ni yeye baba aliyemcheka. "Ukafundishwe nini wewe?" alimwambia. "Umezaliwa juu ya pikipiki." Kijana aliona fahari, akachukua ufunguo, akaondoka bila leseni.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana aitwaye Hasna, mwenye hijabu ya michezo na sauti ya kusikika kiwanja kizima. Somo la kwanza alimkuta Allal ametundika helmeti kwenye kiwiko, kama wafanyavyo nusu ya watu wa mji ule, ili waivae wakimwona askari.

"Ba Allal," alimwambia, "kiwiko chako kina ubongo?"

"Ubongo wangu wote uko kwenye kiwiko, binti yangu. Ndicho kinacholisha nyumba."

"Basi leo kipumzike. Vaa kichwani, ufunge na mkanda. Usipofunga, itafika chini kabla yako."

Akavaa. Hakuwa mwanafunzi mbaya, na alimshangaza mwalimu. Alizunguka vigingi polepole bila kuweka mguu chini, akapita juu ya ubao mwembamba, akabadilisha gia kama aliyezaliwa nazo. Alijua vizuri kabisa kwamba mkono wa kushoto kwenye pikipiki hii hauna breki, ni klachi, na kwamba breki ziko mkono wa kulia na mguu wa kulia. Ukimuuliza usingizini angekujibu. Hasna akasema wamalize kwa kusimama kwa ghafla, maana hapo ndipo watahini huangusha watu. Allal aje kwa kasi kiasi, na yeye akirusha kitambaa chekundu, popote pale, asimame.

Allal akaja. Upepo ulikuwa mzuri, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa karibu kufurahi. Kitambaa kikaruka mbele ya uso wake.

Akashtuka, akakamata kushoto kwa nguvu zake zote.

Injini ilipiga ukelele. Ilipiga ukelele wa kutoboa masikio, kwa sababu klachi ilikuwa imeitenga na gurudumu, na mkono wa kulia nao, kwa hofu, ulikuwa umekaza mafuta. Pikipiki haikupunguza mwendo hata chembe. Ilipita juu ya kitambaa, ikapita vigingi, ikampita Hasna aliyeruka pembeni, ikaenda kuzimikia kwenye majani makavu mwisho wa kiwanja.

Hasna alikuja mbio akicheka huku akihema, akamshika bega. Alimwambia asijali, huo ndio ugonjwa wa wote waliokulia kwenye vipikipiki vya pedali. Kichwa kinajua klachi, mkono haujui. Mtu akiogopa anatafuta breki yake ya utotoni, na breki ya utotoni haipo tena pale. Ndiyo maana sheria haikubali mtu atoke kwenye kidogo apande kikubwa bila kufundishwa upya, ingawa watu wanadhani ni njia ya kuwasumbua.

Allal hakucheka. Aliuliza, "Mtu aliyesimama kando ya njia, akiniona nilivyofanya sasa hivi, ataona nini?"

"Ataona mtu anavuta mafuta."

"Hataona kwamba nashika breki?"

"Breki gani, Ba Allal? Ataapa kwamba umefanya makusudi."

"Na alama ya tairi?"

"Itatoka wapi? Gurudumu halijakamatwa."

Akamwomba arudie. Hasna akadhani mzee ana bidii, akarusha kitambaa tena. Safari hii Allal hakushtuka, alikamata kushoto kwa kujua, na akauacha ukelele ule uendelee, amefumba mdomo, machozi yakimchuruzika ndani ya helmeti. Hasna alipomwashiria azime hakuzima. Ilibidi aje auchukue ufunguo mwenyewe.

"Mwanangu alishika breki," Allal alimwambia. Hasna hakumwelewa. Alimletea maji, wakakaa chini kando ya vigingi mpaka mwanafunzi mwingine akafika.

Aliisukuma pikipiki kwa miguu mpaka nyumbani. Njia nzima alitaka kukimbia na alitaka asifike. Alikuwa amebeba habari ambayo mke wake aliihitaji kuliko chakula, na hakukuwa na namna ya kumpa nusu yake. Kweli, ilikuwepo. Angeweza kusema mwalimu kaeleza kwamba pikipiki zile zina hila, na kunyamaza hapo. Aliifikiria mpaka kwenye kona ya kinyozi. Halafu akaona haya hata kuifikiria.

Mbele ya nyumba yake hakutoa ufunguo. Akagonga.

"Nani?" Mbarka aliuliza toka ndani.

"Wa karibu," akajibu, kama kila mtu ajibuvyo kule anapogonga.

Allal hakumngoja aketi. "Alishika breki," alisema.

Mbarka alisimama na birika mkononi. Akamwambia aape. Allal akaapa. Akamwambia aape tena, kwa kaburi la mama yake, naye akaapa. Birika likawekwa chini. Mbarka akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akalia kilio ambacho mtaa ulikuwa umekingoja tangu msimu wa michungwa, akimshukuru Mungu, akimwita mwanawe kwa majina yote ya utotoni, akiomba msamaha kwa kuskusi yote iliyopoa. Allal alilia naye. Ilikuwa dakika tamu, na ilimuuma kwa sababu alijua itaisha.

"Umejuaje?" hatimaye Mbarka aliuliza.

"Nimefanya vilevile leo. Nilishtushwa, nikashika breki, ikapiga ukelele uleule aliousimulia Hmad, isisimame."

"Kwa nini isisimame?"

"Nilishika ya kushoto. Kwenye hii kubwa, kushoto hakuna breki."

Mbarka alikuwa mama aliyekaa miaka mingi kwenye kizingiti hichohicho, akichambua dengu, akitazama masomo ya mumewe kichochoroni. Alikuwa akicheka kila aliposikia "Punda!" na kumwona mtoto amefinya. Allal aliona usoni mwake lile jambo likifika. Mbarka akatazama chini, akaona kwamba mkono wa mumewe alioushika wakati wote ule ulikuwa wa kushoto.

Mbarka akauachia.

Hakupiga kelele wala hakumlaani. Aliupangusa uso wake kwa ncha ya leso, taratibu, kama mtu anayejiandaa kutoka. Allal angependa kupigwa. Angependa chochote.

"Zuhair wa kinyozi amenunua kubwa," Mbarka alisema. "Ulimfundisha wewe."

"Nilimfundisha."

"Na Anas. Na watoto wa Fadma, wote wawili."

"Wote."

"Vaa viatu."

Allal alisema ameshavaa.

"Nenda kwao, mlango kwa mlango. Waambie mwanangu alishika breki, mtaa mzima ujue. Kisha waambie alishika ipi, na nani aliyemfundisha."

Hakusema kwamba amemsamehe, na Allal hakuomba. Alitoka. Jua lilikuwa linashuka, watu wanarudi na mikate kutoka tanuri la mtaa, na mmoja au wawili walimsalimu, akasahau kuwajibu. Mlango wa kinyozi ulikuwa wa kwanza. Pikipiki ya Zuhair ilikuwa imeegemezwa ukutani, mpya, kiti bado kina nailoni ya dukani. Allal aliutazama mkono wake wa kushoto, akaufunga ngumi, akagonga kwa ule mwingine.

"Nani?" sauti ya kijana iliuliza toka ndani.

Alifungua mdomo kusema "wa karibu" kama siku zote, neno likakataa kutoka.

"Baba yake Marwan," akasema.