Dakika Ngapi Mpaka Gari Lifike

Kazini walimwita Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni kutwa nzima. Alikuwa mpokeaji wa simu kwenye kituo cha magari ya wagonjwa. Mtu akipiga huku analia, yeye humwambia: "Tulia, mama. Tulia, kaka. Uko wapi? Anapumua?" Humshikilia mpigaji kwa sauti mpaka gari lifike mlangoni, kisha simu inakatika. Basi. Kama aliyekuwa sakafuni aliamka au hakuamka, Tulia hajui, maana simu nyingine imeshalia. Miaka kumi na miwili alifanya kazi hiyo.

Yeye mwenyewe kutulia hakujaaliwa. Nyumbani alikula amesimama. Akiketi, goti linacheza. Mumewe, kinyozi mwenye duka la viti viwili mtaa wa nyuma, alikuwa akisema amewahi kunyoa watoto wa miaka miwili waliotulia kuliko mkewe.

Mwaka ule msimamizi alimwita ofisini akafunga mlango.

"Likizo yako ya miaka mitatu imelala kwenye faili hili," alisema. "Sikuombi, nakwambia. Wiki mbili. Na usikae nyumbani kufua mapazia. Nenda mbali."

Mbali ikawa nchi ya kigeni, kwenye mji mdogo wa milimani kando ya ziwa. Aliyeuona mtandaoni ni wifi yake, karani wa ofisi ya mizigo, mwanamke asiyepotea njia hata akifumba macho. Ndiye aliyemfundisha: hapa unatafuta ndege, hapa nyumba za wageni, hapa unasoma maoni ya waliotangulia, na kwenye ramani hii ukiburuta kidole hivi unatembea mtaani kama vile uko kulekule.

"Lakini wifi, mtandao ni soko," alimwonya. "Ukimsikiliza kila anayenadi, utarudi nyumbani na kikapu kitupu."

Tulia akamsikiliza kila anayenadi. Mmoja aliandika kwamba nyumba fulani ina mwanga mzuri, mwingine kwamba nyumba hiyohiyo ni pango. Mmoja alisifu ukimya, mwingine akalalamika kwamba mbwa wa jirani hana adabu. Asubuhi alichagua chumba, mchana akakifuta, jioni akakirudia akakuta kimechukuliwa. Alihesabu ngazi kwenye picha. Alitembea kwa kidole kutoka kituo cha basi mpaka ziwani mara saba, akigeuza shingo ya ramani huku na huku kutazama milango.

Jumapili moja kinyozi alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Hizi alama nyekundu ulizoweka, ndizo sehemu tutakazotembelea?"

"Hizo ni hospitali."

"Na za bluu?"

"Maduka ya dawa."

"Na ziwa lenyewe je?"

Tulia alisogeza ramani, akatafuta. "Lipo. Nyuma ya zahanati."

Kinyozi alicheka mpaka akafuta machozi. Alipomwona mkewe hacheki, naye akaacha. "Mke wangu, tunakwenda kupumzika au tunakwenda kulazwa?"

"Mtu huanguka popote," alijibu Tulia.

Mwishowe ikabaki nyumba moja: vyumba vinne, baraza la mbao, mwenye nyumba ni mwanamke anayeishi na baba yake mzee. Karibu kila mgeni alikuwa amemsifu yule mzee kwa kukaa mlangoni na kumsalimu kila mgeni kwa lugha ya kwao, ingawa yeye mwenyewe haijui. Lakini hakuna aliyeandika gari la wagonjwa huchukua dakika ngapi kufika pale. Tulia akamwandikia mwenye nyumba kuuliza. Akajibiwa habari za kifungua kinywa. Akaandika tena. Mara hii mwanamke akamwambia: nipigie kwa video Jumamosi, nikuonyeshe nyumba, uulize yote.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Tulia akafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni. Walizungumza kwa lugha ya tatu, ambayo haikuwa ya huyu wala ya yule, kila mmoja akiivunja kwa namna yake. Mwenye nyumba alizunguka na simu mkononi: hiki kitanda, hili dirisha, hili ziwa, kweli si picha ya kubuni. Kisha akaingia jikoni.

"Na huyu ndiye baba."

Mzee alikuwa mezani akimenya tunda, ganda likining'inia refu bila kukatika. Aliinua kile kisu kidogo kumpungia.

"Sasa nikuulize," alisema Tulia. "Mtu akiugua ghafla hapo, gari linafika baada ya dakika ngapi?"

Mwenye nyumba akacheka. "Dada, wewe wa kwanza! Wenzako huniuliza kama kuna..."

Kiti kikaburuzika. Kitu kizito kikaanguka. Kwenye kioo dari ikapita, kisha sakafu, kisha giza la kiganja, na mwanamke akapiga ukelele ambao hauhitaji lugha.

Goti la Tulia likaacha kucheza.

"Tulia," alisema kwa sauti yake ya kazini, nzito na ya polepole. "Nisikilize mimi. Iegemeze simu nimwone. Vizuri. Anapumua?"

"Anakoroma!"

"Huko si kupumua. Mwite jirani, aite gari. Wewe usitoke."

Jirani aliingia mbio, mikono imejaa povu la sabuni, simu ya nyumba akaishika hivyohivyo. Tulia aliendelea. Mlaze chali. Piga magoti. Kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono iwe imenyooka. Kandamiza.

"Nitamvunja!"

"Mbavu hupona. Kandamiza kwa nguvu. Tena. Tena."

Lugha ya tatu ikamwishia, akahesabu kwa lugha ya kwao, akipiga meza kwa ngumi: moja, mbili, tatu, nne. Yule mwanamke hakuelewa hata neno moja, lakini ngumi aliifuata. Alipochoka, Tulia alimwita jirani kwa ishara ashike zamu.

Kinyozi aliporudi kula chakula cha mchana alimkuta mkewe amesimama, jasho linamtiririka, anapiga meza na kuhesabu. Alitaka kuuliza, akaona kilichokuwa kwenye kioo. Akabaki mlangoni, mfuko wa mboga mkononi, hata kuutua asiweze.

Kisha buti zikaingia, suruali za rangi ya chungwa, sanduku, sauti za wanaume. Mtu aliiinua simu ile, akamtazama Tulia kwa mshangao kidogo, na mawasiliano yakakatika.

"Dakika kumi na moja," alisema Tulia. Akakaa. Goti likaanza upya.

Siku zilizofuata hakuna aliyemweza. Alituma ujumbe, haukusomwa. Alifungua ukurasa wa nyumba ile kila alipopata nafasi, akakuta vyumba vyote vimeandikwa "hakuna nafasi". Alisoma upya maoni ya wageni juu ya mzee, hata ya miaka mitano nyuma. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa, akasema ni nzuri.

"Wifi, miaka yote hii huambiwi mwisho wa wagonjwa wako na unaishi," alisema wifi yake. "Huyu ana nini?"

"Wale sikuwahi kuwaona. Huyu nilimwona anamenya tunda."

Siku ya pili kinyozi alimwacha mteja kitini na nusu ya kichwa, akachukua ramani ya mkewe, akazipigia hospitali zote zenye alama nyekundu, moja baada ya nyingine. Jioni alileta taarifa.

"Wamenijibu kwa lugha yao, nami nikawashukuru kwa yangu. Tumeachana kwa amani, ila sijui kitu."

Tulia alitaka kucheka, ikamtoka sauti nyingine. Kinyozi akamshika bega.

Siku ya nne, wakati wa mapumziko, alikuwa kwenye ngazi za kituo simu ilipotetemeka. *Baba yu hai. Mbavu mbili zimevunjika na anagombana na wauguzi juu ya supu. Nyumba nimeifunga kwa wageni mwezi mzima. Ninyi si wageni. Njooni.*

Alilia kwa sauti hata msimamizi akatoka mbio kuona nani kaumia.

"Hakuna aliyeumia," alisema Tulia. "Mzee wa watu anakula."

Mzee aliporuhusiwa kutoka hospitali, wakaenda. Mwenye nyumba aliwapokea kwenye kituo cha basi, na wale wanawake wawili walishikana muda mrefu, lugha ya tatu imewapotea wote. Lakini asije mtu akafikiri kwamba Tulia alibadilika. Asubuhi ya kwanza alikwenda kwa miguu mpaka zahanati, akasoma saa za kazi mlangoni. Kila mzee alipokohoa, Tulia alisimama. Siku ya tatu mzee alimwita binti yake amtafsirie.

"Anasema," mwenye nyumba alishindwa kujizuia kucheka, "anaomba usimtazame kama maziwa yaliyo motoni."

Siku ya tano mzee alitaka kwenda ziwani, mara yake ya kwanza tangu atoke hospitali. Binti yake akakataa. Tulia akasema waende, ila polepole, naye akatangulia kukagua njia, akarudi, akatangulia tena, mpaka kinyozi akamwambia kwamba ameshafika ziwani mara tatu na wao bado mara moja.

Walimketisha mzee kwenye benchi. Jua lilikuwa la upole, na baada ya muda mfupi akasinzia, mdomo wazi, kofia imemshuka usoni. Tulia akasogea karibu, macho kwenye vifungo vya koti lake.

"Mwache alale," kinyozi alimnong'oneza akimvuta mkono.

"Si nimemwacha?"

Na hakuyaondoa macho pale vifungo vilipokuwa vikipanda na kushuka, mpaka mzee alipoamka na kuuliza leo wanakula nini.