Meza ya Cherehani Yaenda Sekondari

Mwalimu mkuu wa sekondari mpya alisimama mbele yetu sisi wazazi. Serikali imefuta ada, akasema, na haya madarasa imeyajenga yenyewe. Tukapiga makofi. Kisha akakohoa, nami nikajua kuna "ila" inakuja.

"Ila madawati bado yako njiani. Mtoto mwenye meza na kiti aanze Jumatatu. Asiye navyo asubiri nyumbani mpaka tumwite."

Neno hilo lilinichoma. Binti yangu naye, enzi za ada, aliambiwa asubiri. Akasubiri muhula, akasubiri mwaka, mwishowe akaja mchumba, na mchumba hakusubiri. Ndiye mama wa mjukuu wangu ninayeishi naye, msichana tunayemwita Sindano kwa wembamba wake. Subira huvuta heri, najua, na mimi ni mtu wa subira. Lakini kusubiri shule nakuogopa kama moto.

Nikaenda kwa seremala, jirani yetu.

"Mama, mbao zote zina wenyewe. Njoo baada ya miezi miwili."

"Baada ya miezi miwili si nitakuwa nakuletea kadi ya harusi ya mtoto!"

"Basi usinisahau kwenye pilau," akacheka. Lakini akanipa stuli yenye mguu mmoja mfupi. Meza hakuwa nayo.

Nyumbani nikaketi kwenye cherehani yangu. Sketi kumi na mbili za shule ileile zilikuwa zinaningoja. Nikaitazama meza iliyobeba cherehani. Nikachukua bisibisi.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Nafungua."

"Sasa utashonea wapi?"

"Kichwa cha cherehani nitakiweka juu ya sanduku, gurudumu nizungushe kwa mkono. Kwani mkono umekatazwa?"

"Utachelewesha sketi za watu."

"Sketi ikichelewa, watu watanung'unika wiki moja. Wewe ukichelewa..." Sindano akanitazama, kisha akaichukua bisibisi akafungua yeye.

Jumatatu tukaibeba meza, stuli juu yake, yeye mbele, mimi nyuma, pedali ikigongagonga miguu yangu. Lile tundu la katikati, kilipokuwa kimekaa kichwa cha cherehani, tulikuwa tumeliziba kwa kipande cha ubao. Tukapita sokoni.

"Bibi, umechaguliwa sekondari?" akaniita muuza vitunguu.

"Nimefaulu! Wewe baki ulie na vitunguu vyako."

Langoni mwalimu mkuu akatuzuia. "Bibi, hii ni cherehani."

"Cherehani iko nyumbani, mwalimu. Hii ni meza. Ulisema meza."

Akainama akaitazama pedali. Akamtazama Sindano, aliyeng'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Haya, ipitishe," akasema. "Ikae nyuma, karibu na dirisha."

Basi jioni ikawa Sindano ananizungushia gurudumu huku akinisimulia.

"Mwalimu wa hesabu akiniuliza swali gumu, miguu inaanza yenyewe kukanyaga. Kwaru, kwaru. Darasa zima linacheka. Naye anasema, 'Ngojeni, Sindano anashona jibu.'"

"Na jibu linatoka?"

"Linatoka, Bibi. Siku nyingine mshono umepinda."

Sketi zilichelewa wiki mbili. Hakuna aliyekufa.

Mwezi wa tatu lori la madawati likafika, na Sindano akapata lake. Nikaenda kuchukua meza yangu, nimebeba kichupa cha mafuta ya mashine, niilainishe pedali kabla ya kuirudisha kazini. Mlangoni nikasimama. Madawati arobaini, watoto arobaini na mmoja. Kwenye meza yangu alikaa msichana mgeni, aliyefika asubuhi ile baada ya kwao kusikia kwamba ada imefutwa. Aliponiona, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Chukua mali yako, Bibi," mwalimu mkuu akaniambia. "Huyu atasubiri kidogo nyumbani."

Neno lilelile.

"Mimi nimefuata pedali tu, mwalimu. Nasikia inapiga kelele."

Nikachuchumaa, magoti yakalia kuishinda pedali yenyewe, nikatia mafuta tone kwa tone. "Kanyaga, mjukuu wangu."

Yule mgeni akakanyaga. Kimya.

"Bibi!" Sindano akaniita kutoka dawati lake jipya. "Umemharibia mwalimu wa hesabu. Sasa atajuaje nani anaogopa?"