Kifungo cha Shingoni

Msumari ulidondoka. Fundi akauokota, akaugusisha tena kwenye kipande cha sumaku alichotoka kukikata, nao ukadondoka tena na kubingirika hadi chini ya meza. Kipande kilikuwa bado cha moto. Miaka thelathini ya kutengeneza mota, anajua fika kwamba sumaku ikiungua hufa, na bado alikuwa ameikata kwa grenda, kavu kavu, kama mtu anayekata bomba. Alijitukana kimoyomoyo, na alistahili.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Kesho yake binti yake wa mwisho alikuwa anahitimu uuguzi, na mkewe alikuwa ameapa kwamba haendi. Mwanamke huyo alishonea watu nguo maisha yake yote. Siku hizi mikono inamtetemeka, na vifungo, ambavyo zamani alivifunga huku akipiga soga bila hata kuvitazama, vimemgomea. Blauzi ya bluu aliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo, kabla ugonjwa haujamzidi, ilikuwa na vifungo sita.

"Sitaki kuvishwa kama mtoto," alikuwa amemwambia mumewe asubuhi ile, taratibu. "Siyo katika siku ya mwanangu."

Mume alikwenda karakana, akafungua mota mbovu na kuchomoa sumaku bapa, ndefu kama kidole. Aliipima mara tatu: vipande sita, bila ziada. Kila kipande angekishonea nyuma ya kifungo, na upande wa pili wa blauzi angeficha kibati chembamba, nguo ijifunge yenyewe. Sasa kimoja kimekufa na amebakiwa na sumaku ya kutosha vipande vitano tu.

Safari hii aliacha papara. Alitoboa kifuniko cha chupa ya maji, akaining'iniza juu ya diski ya almasi ya kukatia ili idondoshe tone baada ya tone, kisha akapunguza mwendo wa mashine hadi ikawa inanung'unika tu. Sumaku aliibana kwa vibao viwili na kitambaa, maana pamoja na nguvu zake zote huvunjika kama kigae. Kila mara alisimama na kuigusa. Akiikuta vuguvugu, alingoja. Fundi viatu wa jirani alichungulia akauliza kama anakata sumaku au anaiogesha.

"Naiogesha," alijibu bila kuinua kichwa.

Hadi jua linatua alikuwa na vipande vitano, na kila kimoja kilinasa msumari na kukataa kuuachia. Alivishona mwenyewe, akijichoma sindano kila mara. Kifungo cha shingoni alikiacha kama kilivyokuwa.

Asubuhi alimkabidhi mkewe blauzi, akamweleza inavyofanya kazi, akatoka na kusimama nje ya mlango wa chumba. Kwa muda mrefu hakusikia kitu. Kisha, ta. Baadaye kidogo, ta. Alihesabu kwa vidole hadi vitano, na baada ya hapo kukawa kimya, kimya kirefu kuliko vyote.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe alikuwa na blauzi iliyofungwa vizuri hadi kifuani, kola imeachama, na usoni alikuwa na ile furaha ambayo mumewe hakuiona mwaka mzima.

"Mishono yako ni aibu tupu," alisema. "Na hiki cha shingoni? Umeniachia makusudi, ili upate kazi?"

Angependa sana kusema ndiyo.

"Nilikiunguza kipande chake," alisema. "Nilikuwa na haraka."

Mkewe aliviangalia vidole vya mumewe, vilivyojaa alama za sindano. Kisha akainua kidevu.

"Basi fanya upesi, tutachelewa."

Akasogea, akaanza kulitafuta tundu la kifungo, naye mkewe akatazama dari na kungoja, kama mtu asiye na haraka yoyote.