Abiria wa Gari la Mashuka

Gari la mashuka lilipakiwa kama kila asubuhi: mashuka chini, taulo katikati, foronya juu kabisa kwa sababu foronya hujikunja hata kwa kutazamwa. Dereva wake aliitwa Papo Hapo. Jina hilo alipewa na wenzake wa kampuni ya udobi, na alilipata kwa haki. Ofisi ilitangaza safari kwenye kundi la simu la madereva, na safari ilikuwa ya yule aliyetangulia kuandika "nipo". Aliyechelewa alibaki uwanjani akipiga soga na mlinzi. Papo Hapo hakuwahi kupiga soga na mlinzi. Aliandika "nipo" akila, akioga, akiwa msibani, na zaidi ya yote akiendesha, maana mchana kutwa alikuwa barabarani. Alipenda kusema kwamba kidole gumba chake kinazijua herufi kuliko macho yake, ingawa macho nayo hayakuacha kwenda kuhakikisha.

Alipomgonga Fundi alikuwa amefika kwenye herufi ya tatu.

Fundi alikuwa mshonaji, mke wa kinyozi wa mtaa wa pili. Alikuwa anavuka barabara kwenye mistari myeupe akitoka kununua zipu. Aliliona gari likiwa bado mbali, akamwona na dereva, na kwa kuwa yeye alimwona dereva, akadhani dereva naye amemwona. Hilo ndilo kosa pekee alilopatikana nalo. Kidole cha Papo Hapo kiliteleza kwa kishindo kile, na kwenye kundi la madereva likatokea neno "nip". Madereva wote waliliona. Dada wa ofisini, mwenye kazi ya kupanga safari, naye aliliona, na kwa kuwa "nip" haihesabiki akampa safari dereva mwingine. Hakuna aliyetia neno, siku ile wala baadaye.

Polisi walipima barabara. Papo Hapo alieleza kuwa jua lilimpiga machoni, na ikaandikwa kwamba chanzo cha ajali ni jua. Jua halikuitwa kujitetea. Kampuni ilipeleka msibani mashuka meupe kwa ajili ya wageni waliolala, na matanga yalipokwisha ikayafuata, ikayafua. Papo Hapo akarudishiwa leseni.

Siku aliporudi kazini alimkuta Fundi kwenye kiti cha mbele, mkanda ameshafunga, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Habari za asubuhi, dada," alisema Papo Hapo.

"Nzuri. Twende, foronya zitajikunja."

Papo Hapo alikwenda kwanza kutoa taarifa ofisini. Dada wa ofisini akampigia Mkurugenzi, na Mkurugenzi akauliza kama huyo mama anakalia mzigo. Akaambiwa hapana, amekaa kiti cha abiria. Basi, akasema Mkurugenzi, shida iko wapi?

Hawajafika mbali, simu ikalia. Papo Hapo akanyoosha mkono, Fundi akaupiga kofi, akaichukua simu yeye na kuandika "nipo". Kioo cha simu kilikipokea kidole chake bila matatizo. Safari wakaipata.

"Wewe endesha," alisema. "Haya niachie mimi."

Tangu hapo Fundi ndiye aliyejibu. Aliijibu ofisi, akawajibu mameneja wa hoteli walioulizia taulo zao, akamjibu mama mkwe wa Papo Hapo aliyekuwa na mengi ya kuuliza. Alijibu upesi kuliko Papo Hapo alivyowahi kujibu, tena kwa adabu, maneno yamekamilika na nukta iko mahali pake. Tatizo lilikuwa moja tu. Kila alipoandika, Papo Hapo aliinama kusoma alichoandika.

"Tazama mbele," Fundi alimwambia.

"Natazama."

Hakuwa anatazama. Hata kumuua mtu hakukumfundisha hilo, na ukimuuliza angekuapia kwamba siku hizi ni mwangalifu mno.

Kinyozi alizipata habari hizi kazini. Alikuwa anamnyoa mpishi wa hoteli moja, na mpishi akasema, kidevu kikiwa na povu nusu, kwamba shemeji anaonekana mzima, jana alimpungia mkono kwenye geti la nyuma wakati mashuka yanashushwa. Kinyozi alimalizia kidevu, kwani huwezi kumwacha mtu na nusu ndevu. Kisha akavua aproni, akafunga mlango, akaenda kwa miguu hadi uwanja wa kampuni ya udobi.

Gari lilikuwa linapakiwa. Mke wake alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani.

"Mtoto hajambo?" aliuliza Fundi.

"Hajambo. Anakuulizia. Anavaa sketi ya shule ya zamani, zipu imeharibika, kiuno nimekibana kwa pini."

"Mpya iko kwenye droo ya mashine, imebaki pindo tu. Si ungempelekea fundi mwingine amalizie?"

"Hataki ishonwe na mtu mwingine." Kinyozi alisogea karibu na dirisha. "Mke wangu, shuka twende nyumbani. Mimi nimechoka. Nikinyoa naongea na watu, nikifika nyumbani sina wa kuongea naye, na yule mtoto ananitazama kama mimi ndiye niliyekuficha."

"Ningeweza kushuka ningeshashuka zamani. Simu hii hainiachii. Nilipokufa kulikuwa na jibu linaandikwa, nikakaa hapa nilimalize, lakini nikimaliza moja linakuja lingine. Nikipata safari moja tu, kutoka geti hili hadi kurudi geti hili, simu isilie hata mara moja, nitafungua huu mkanda nirudi zangu nyumbani."

"Nyumbani kwetu?"

"Kwani nina kwingine?"

Kinyozi akamgeukia Papo Hapo, ambaye muda wote huo alikuwa akifuta kioo kisichokuwa na vumbi. "Bwana, si uizime tu hiyo simu?"

"Ikizimwa haihesabiki," alisema Fundi. "Lazima iwe inaweza kulia, halafu isilie."

Papo Hapo alimpa Kinyozi namba yake ya simu, akasema pole. Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka mbele yake. Kinyozi aliipokea namba, pole hakuipokea.

Kutoka pale alipanda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alimkaribisha kiti vizuri, akamsikiliza huku anasoma simu, akisema "naam, naam" hata pale Kinyozi aliponyamaza. Alipoinua kichwa alisema analielewa jambo hilo kama mzazi. Lakini na yeye Kinyozi ajaribu kuielewa kampuni. Tangu mama yule aanze kazi hakuna mteja aliyelalamika kuhusu majibu, na madereva wengine sasa wanaulizwa kwa nini wao hawana mtu.

"Hakuanza kazi," alisema Kinyozi. "Mlimuua."

"Jua," alisema Mkurugenzi kwa upole.

Kinyozi alijikaza kisabuni. Hakurusha kiti wala hakumtukana mtu, akakaa tu palepale bila kuondoka. Watu wakaingia na kutoka, wakamruka miguu. Mwishowe Mkurugenzi, kwa shingo upande, akakubali: Jumapili asubuhi, hoteli zikiwa zimepoa, safari moja. Zaidi ya hiyo asimwone tena.

Kwa haki ya Mungu, wote walijitahidi. Dada wa ofisini alilifunga kundi la madereva, akakalia simu zake. Papo Hapo alipita kwa kila mwenye namba yake, mama yake, mama mkwe, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, vijana wa mpira, akawaomba Jumapili asubuhi wamsahau. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu. Alitaka kujua kama akipatwa na homa afanyeje, akaambiwa avumilie hadi mchana.

Kinyozi alianika godoro. Alitia mafuta cherehani, akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Jumapili alimwogesha mtoto, akamvalisha, wakaenda kusimama kwenye geti la kampuni. Fundi aliwapungia mkono gari likitoka.

Ilikuwa safari nzuri. Simu ilikaa mapajani mwa Fundi bila kulia. Papo Hapo aliendesha kwa mikono yote miwili, macho mbele, na barabara ile aliyoipita kila siku ikawa kama anaiona upya. Aliona kwamba kuna shule. Aliona kibao kikubwa kinachomtaka apunguze mwendo, kimechakaa kwa kukaa pale miaka. Alipofika kwenye mistari myeupe alisimama, akamvusha mwanamke mmoja mwenye ndoo, na mwanamke huyo akageuka mara mbili kumtazama, kwa kuwa hakuwahi kuvushwa na gari la mashuka.

"Kumbe unajua," alisema Fundi.

Papo Hapo alingoja mwanamke apande ukingo, ndipo akaondoa gari.

Walishusha mashuka safi hotelini, wakapakia machafu, wakageuza. Simu ilikuwa kimya. Walipita shule, wakapita kituo cha mafuta. Ulibaki mzunguko mmoja na ule mtaa ulionyooka hadi getini. Fundi alivua futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni kama mtu anayefunga kazi, mkono mwingine akauweka kwenye kifungo cha mkanda.

Getini, mtoto aliuliza mama amefika wapi. Kinyozi akasema wako njiani. Mtoto akauliza tena. Kinyozi akachungulia barabarani, akaona lori la mchanga, akaona teksi, gari la mashuka hakuliona. Roho ilikuwa juu. Alifikiri labda wamepata pancha. Alifikiri labda ameshuka kwingine, ameenda nyumbani peke yake, amekuta pamefungwa. Mkono ukaingia mfukoni ukatoka na simu, na kidole kikaandika lile neno ambalo kila mtu humwandikia mtu wake akichelewa kidogo tu. "Mmefika wapi?" Akatuma. Ndipo akili ilipomfikia, na ilimkuta ameshatuma.

Kwenye gari simu ililia.

Fundi aliiinua mapajani, akasoma jina.

"Nani?" aliuliza Papo Hapo, akainama kusoma.

"Mume wangu."

Akautoa mkono kwenye mkanda, akaandika, "Tumekaribia. Msisimame barabarani." Papo Hapo aliyasoma yote, tairi la mbele likapanda ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, likashuka. Kwa bahati hapakuwa na mtu.

Gari lilipoingia getini Kinyozi alikuwa amekaa chini, simu mkononi, jibu liko wazi kwenye kioo. Mtoto alikimbilia dirishani. Fundi alimshika shavu, akampima kwa macho toka bega hadi goti.

"Umekua," alisema. "Hiyo sketi itabidi baba aishushe pindo."

"Hushuki?"

"Leo sishuki."

Kinyozi aliinuka, akaushika mlango wa gari kwa mikono miwili. Alilia waziwazi, mbele ya mlinzi na wapakizi, bila kuona haya. "Nilitaka tu kujua," alisema.

"Najua, baba watoto. Kila anayeandika hutaka tu kujua."

Kinyozi aliomba Jumapili nyingine. Mkurugenzi alimpa ujumbe kupitia kwa mlinzi kwamba kazi imeongezeka. Ilikuwa kweli. Dada wa ofisini alishalifungua kundi, na madereva waliokuwa wamekaa kimya asubuhi nzima walimimina "nipo" zao kama maji ya bomba lililozibuliwa. Baada ya wiki chache gari la pili nalo likapata mtu, mzee aliyegongwa akiwa juu ya baiskeli. Alikufa bila miwani yake, kwa hiyo hujibu polepole, na kampuni imetoa ahadi ya kumtafutia nyingine. Mara hiyo ikaandikwa kwamba chanzo ni ukungu.

Kinyozi amerudi kazini. Sketi aliishusha pindo mwenyewe, likaenda upande, na mtoto akaivaa hivyo hivyo. Kwenye meza ya vioo, kati ya chanuo na spiriti, ndipo anapoweka simu. Mchana wateja wakipungua humwandikia mke wake. Humwandikia kwamba mtoto amefaulu hesabu, au kwamba paa linavuja, au humuuliza tu kama amechoka. Jibu huja kabla hajalishika chanuo. Wateja humwambia ana bahati, wao wana wake walio hai na wakiwaandikia hawajibiwi hadi jioni.

Anajua kwamba saa hizo gari liko barabarani. Anajua kwamba pale kwenye usukani kuna mtu anayeinama kusoma kila kinachoandikwa, na kwamba shule iko upande wa kushoto na watoto wanatoka. Hayo yote anayajua vizuri kuliko mtu yeyote. Hukaa kidogo, akaikung'uta taulo, akafuta mikono. Kisha huandika.