Maganda Yanayoelea

Jumamosi asubuhi Ferista alimimina ndoo ya maganda ya risasi ndani ya pipa, akatia maji, sabuni ya unga, ndimu alizokata nusunusu na pini ndogo za chuma kisichoshika kutu. Akafunga mfuniko, akawasha mota. Pipa lilikuwa limelazwa juu ya magurudumu ya mashine ya kusaga iliyokufa zamani, likaanza kuzunguka taratibu likilia kama debe la kokoto. Ferista akaenda kubandika maharage. Maharage yakiiva na maganda yametakata. Kwa kazi hiyo hakuwa na saa nyingine.

Maganda yalikuwa ya Boazi, mzee wa kanisa na mnunuzi wa kahawa pale Mlowo, mwenye shamba la mahindi lililopakana na kahawa ya Ferista na shamba la mpunga kule Msangano. Alikuwa na bunduki ya kufukuzia nguruwe pori, naye hakuwa mtu wa kutupa kitu. Akishapiga huokota maganda, humletea Ferista ayaoshe, kisha hupelekwa Tunduma kwa fundi mmoja aitwaye Hezron ambaye huyatia baruti na risasi mpya, yakawa tayari kwa kazi tena. Ferista alilipwa mbolea. Na huku Mbozi mtu akikupa mbolea huwezi kumhoji sana, maana kahawa haili maneno.

Mumewe, Efraimu, baba wa mtoto wao Mika, hakuwepo. Mwaka uliopita, mahindi yalipoanza kubeba, alitoka jioni kwenda kuyalinda na nguruwe kwenye kipande chake cha bondeni, kando ya mto, na hakurudi. Boazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kutoa pole. Alisema watu wamemwona Efraimu ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, na mwanamke mnene mwenye duka la vitenge. Watu wakalipenda neno hilo kwa sababu lilikuwa jepesi kubeba. Mvua zilipoanza tena, trekta la Boazi lililima moja kwa moja mpaka mtoni, likapita juu ya kipande cha Efraimu, na hakuna aliyesema kitu. Mwenyewe si yuko Nakonde, anakula raha?

Kilichomkondesha Ferista ni kutojua alie au atukane. Mama mkwe wake, Gwantwa, aliyeolewa huku akitokea milima ya Itumba, alikataa katakata habari ya kuweka msiba.

"Hatumlilii mtu aliye hai," alisema. "Tukimlilia, sisi ndio tutakuwa tumemuua. Niletee kitu cha mwanangu cha kuweka ardhini, mkwe wangu, nami nitalia mpaka majirani wahame."

Basi Ferista aliishi hivyo, si mke wala mjane. Kanisani hakujua akae benchi gani.

Maharage yakaiva. Ferista akazima mota, akamwaga maji meusi shimoni, akayatia maganda kwenye tangi la kuoshea kahawa ili ayasuuze. Hapo mkono wake ukafanya ulichozoea. Kahawa mbivu ikitiwa majini, nzima huzama, na ile iliyotobolewa na mdudu huelea. Inayoelea huenguliwa kwa ungo na kutupwa kando. Amefanya hivyo tangu ana meno ya utotoni. Akapitisha ungo juu ya maji, akaengua, akamwaga pembeni, na alipokuwa amekwisha kugeuka ndipo alipokumbuka kwamba shaba haielei.

Lilikuwa ganda moja. Akalirudisha majini, likaelea ubavu, mdomo umeelekea nyumbani. Akalijaza maji, likaelea na maji yake.

"Bovu hilo," alisema Imelda, wifi yake, aliyekuwa akimsaidia kuanika. "Linaloelea ni bovu siku zote."

Wakayaanika mengine kwenye kichanja cha kahawa, na kufikia mchana yalikuwa makavu, yanang'aa kama vikombe vya sherehe. Lile moja halikukauka. Ferista alilifuta kwa kanga, likatoa maji. Akalifuta tena, likatoa mengine. Mwishowe aliziba tundu la chini kwa kidole gumba, akaliweka mdomoni, akapuliza ili maji yatoke.

Ganda likapiga mluzi wa Efraimu.

Efraimu alikuwa na mluzi wake wa kurudi nyumbani, juu, kisha chini, kisha juu tena kwa kuvuta. Aliupiga akifika kwenye migomba ili mbwa asimbwekee. Mbwa aliyekuwa amelala chini ya kichanja akainuka, akaenda mpaka njiani, akakaa na kutikisa mkia. Kutoka jikoni Gwantwa alisema, "Mwambie aoge kwanza ndipo ale." Akatoka nje, akamwona Ferista ameshika kile kitu, akaketi chini palepale na kunyoosha miguu kama wafiwa wanavyokaa.

"Ndiye," alisema.

"Ndiye, mama."

Ferista alilia siku hiyo kwa mara ya kwanza, na kilio kilimpa nafuu kiasi kwamba alikula.

Mtendaji wa kijiji alikuja kusikiliza. Alipuliza mwenyewe, mbwa akaenda njiani, akakaa. Mtendaji alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema huyo ni Efraimu kabisa, wamesoma pamoja, na mluzi huo aliupiga hata darasani akachapwa. Lakini mluzi hauwekwi saini, alisema, na tena mabati ya ofisi mpya ameahidi Boazi. Akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mabati.

Jumatatu Ferista alipanda gari kwenda Tunduma na mzigo wa maganda yaliyotakata, lile moja akalifunga kwenye pindo la kanga. Karakana ya Hezron iko nyuma ya maegesho ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, na Hezron, kwa kuishi na Wazambia, huongea Kiswahili na Kibemba kwa pumzi moja, na kila mama humwita ba mayo.

"Fundi, umewahi kuona linaloelea?" Ferista aliuliza.

Hezron alikuwa akipanga maganda kwenye ubao. Hakuinua macho.

"Yapo, ba mayo. Huwa yanakuja. Mimi najaza tu."

"Na yakishajazwa?"

"Hayo hayakosi," alisema Hezron. "Ukilenga au usilenge. Mwenye nalo akishalijua, hataki jingine. Unalo?"

"Sina."

"Basi vizuri."

Ferista aliogopa. Njia nzima ya kurudi alishika lile pindo kwa mikono miwili, na maji yakamlowesha gauni mpaka kondakta akamwonea huruma, akadhani ni mgonjwa.

Boazi alikuja mwisho wa wiki. Shikamoo ikaitikiwa, akaketi kwenye kiti cha Efraimu kwa sababu ndicho kiti chenye mgongo.

"Mama Mika, Hezron anasema moja halikufika."

"Lipo, mzee. Linaelea."

"Lete."

"Naomba nilizike. Ni baba Mika."

Boazi akataka kusikia. Ferista akapuliza, mbwa akainuka, akaenda njiani, akakaa. Boazi alivua kofia. Alitazama njia kwa muda, kisha akatazama bonde, ambako mahindi yake yalikuwa yamefika kiunoni mpaka ukingoni mwa mto.

"Poleni sana," alisema, kwa sauti ileile aliyokuja nayo mwaka uliopita. "Afadhali ameonekana. Nakonde ni mbali kwa mtu kuoza huko. Mzikeni. Mchele nitatoa mimi."

Wakamzika Alhamisi. Gwantwa alikataa kaburi dogo. Alisema mwanawe alikuwa mtu mzima, na vijana wakachimba la urefu wa mtu. Ganda lilivishwa koti la Efraimu la kanisani, likawekwa ndani ya jeneza alilotengeneza fundi wa madawati. Waliobeba walisema lilikuwa zito ipasavyo. Boazi, kama mzee wa kanisa, aliongoza sala, akaomba Mungu awafariji wafiwa na kuwasamehe waliokosa, akatupa udongo wa kwanza. Gwantwa alilia kama alivyoahidi. Hakuna jirani aliyehama, lakini wawili walifunga madirisha.

Watu wanaotoka makaburini hawaingii kwenye uwanja wa msiba na mikono ya kaburi. Huwekwa beseni moja mlangoni, kila mtu hutumbukiza mikono, hujikung'uta, hupita. Hivyo ndivyo walivyofanya. Ikafika zamu ya Boazi. Akakunja mikono ya shati, akainama, akaweka mikono majini, nayo haikuingia. Ililala juu ya maji, viganja chini. Akasukuma kwa nguvu ya mabega. Beseni likasogea, mikono ikabaki juu.

Waliokuwa nyuma yake walikuwa wakulima wa kahawa, wake kwa waume. Waliitazama kwa jicho lile wanalotazamia tangi wakati wa mavuno. Hakuna asiyejua inayoelea hufanywa nini.

"Haiingii," alisema Boazi.

"Inaelea, mzee," alisema Imelda. "Subiri."

Akaenda jikoni, akaleta jagi, akammiminia. Boazi akanawa, akashukuru, akapewa kiti. Alipakuliwa wa kwanza. Mchele ulikuwa wake, hata hivyo, na ulikuwa mzuri, ule wa Msangano unaonukia. Ferista ndiye aliyembebea sahani. Alimchukia, na alipoulizwa kama kuna mchuzi, akamwongezea.

Baada ya msiba alikuwa mjane kamili, na hilo lilikuwa jambo. Alijua benchi lake kanisani. Usiku alilala. Asubuhi aliamka akapita kaburini kabla ya kwenda shambani, akasimama kidogo, akaendelea. Asubuhi moja alikuta udongo umebonyea upande wa kichwani, kama palipofukuliwa na kufukiwa na mtu mwenye haraka.

"Nguruwe," alisema Gwantwa.

"Nguruwe," alisema Ferista. Akachukua jembe, akasawazisha.

Mpunga ukaiva kule Msangano, na Boazi akaenda kulinda shamba lake. Kulikuwa na maneno juu ya ng'ombe walioingia mpungani, na juu ya mpaka wa shamba, maneno ya kawaida. Aliporudi alileta ndoo. Akaiweka barazani kando ya mifuko ya mbolea, akasema safari hii asingependa hata moja lipungue, na atakuja kuyafuata mwenyewe. Akaacha salamu kwa Gwantwa.

Ferista akatia maji, sabuni, ndimu na pini. Akawasha mota, akabandika maharage. Yalipoiva akamwaga maganda tangini, akachukua ungo, akapitisha juu ya maji. Hakushangaa alipohisi uzito. Aliangalia kitu kilichokuwa ndani ya ungo, kinang'aa, kinavuja, kimeelekeza mdomo nyumbani, akaona uzi mweusi umenasa kwenye ukingo wake. Ulikuwa uzi wa koti la kanisani.

Akaziba tundu kwa kidole gumba, akapuliza. Juu, kisha chini, kisha juu kwa kuvuta. Mbwa akainuka, akaelekea njiani.

Kabla hajafika, ganda likalia tena bila kupulizwa. Huu ulikuwa mluzi mwingine, mfupi, wa kukatakata, kama wanavyoitia ng'ombe watu wa mabondeni. Mbwa alisimama katikati ya uwanja. Alimtazama Ferista, akatazama njia, kisha akalala palepale.

Gwantwa alikuwa amesikia kutoka mlangoni.

"Amepata mgeni," alisema.

Ferista akaliweka dirishani, juu ya kisahani cha kukingia maji. Boazi angekuja Jumatatu kulichukua, kisha lingekwenda Tunduma, na Hezron angelijaza tu. Aliwaza kulitupa chooni. Aliwaza pia kwamba huko ndani sasa kuna mtu ambaye si wake kumtupa. Akakaa karibu na dirisha, akachambua mboga, akasikiliza trekta likisomba mahindi bondeni.

Jumapili mchana, watu walipokuwa wametoka kanisani, mwanamke mmoja alikuja kwa njia ya migomba, miguu imejaa vumbi la mbali. Aliitwa Sekela, na alitoka Msangano. Mumewe alikwenda kuswaga ng'ombe waliotawanyika karibu na shamba la mpunga, alisema, na hakurudi. Aliambiwa yuko Nakonde. Na njiani, Mlowo, mama mmoja alimwambia kuna nyumba huku wanakoosha kahawa vizuri, apite aulize.

Ferista alimpa kigoda, akampa maji, akangoja ayamalize. Kisha akalitoa ganda dirishani, akalifuta kwa kanga, akamwonyesha pa kuweka kidole gumba.

"Puliza taratibu, dada," alisema. "Halafu usubiri. Wa kwanza ni wangu. Wako yuko nyuma yake."