Kurudisha Nyumba Nyuma

Sisi tunaoishi kwenye nyumba za magurudumu mwaka mzima hatuna burudani tamu kuliko kutazama mume na mke wakirudisha nyumba yao nyuma. Jioni watu hutoa viti nje, hufungua bia, wakangoja. Mmoja yuko kwenye usukani, mwingine kasimama nyuma anapunga mikono, na kabla gari halijakaa sawa wameshatukanana. Mimi na mume wangu, Dwight, tumewachekesha watu hivyo kutoka Texas mpaka Michigan. Dereva ni mimi tangu goti lake lifanyiwe upasuaji. Yeye huelekeza, na hapo nimetumia neno la heshima.

"Kushoto, Glenda! Kushoto nimesema! Kwani wewe kushoto hukujui?"

Kambi nzima hunijua jina kabla sijazima injini. Wala sikuwa nikiudhika. Nilidhani ndiyo sauti yake ya kazi.

Mwezi wa sita tulikuwa kwenye hifadhi ile ile kando ya Ziwa Superior tunakokwenda kila kiangazi. Tunasafisha vyoo, tunazoa majivu, tunauza kuni, tunawaambia watu wafunge mbwa wao, nasi tunapewa kiwanja chenye maji na umeme bure. Safari hii Kurt, meneja wetu, alituongezea mwenzetu wa kuhudumia upande wa pili wa kambi, mjane anayeitwa Rochelle. Alifika peke yake, akivuta tela kwa pikapu, akashindwa kuliingiza mahali pake. Mara ya kwanza likaelekea kwenye misonobari. Mara ya pili likaziba barabara.

Dwight akaweka kikombe chini, akaenda, kwa goti lile lile ambalo asubuhi halikuweza kubeba ndoo ya majivu. Nami nikafuata nyuma, ndipo nikamsikia.

"Usiogope, mrembo. Taratibu. Zungusha kidogo kulia... hapo hapo. Unaona? Unaendesha vizuri sana."

Mrembo! Niligeuka nikidhani kuna mwanamume mwingine anaongea. Ilikuwa sauti ya mtu anayembembeleza paka ashuke mtini. Tela likaingia safari moja tu, watu wakapiga makofi kutoka vitini. Rochelle akashuka, akamshika Dwight mkono kwa mikono yake miwili.

"Sijawahi kuelekezwa hivi maishani mwangu," akasema.

Nikasema moyoni, hata mimi.

Wivu ulinipanda pale pale, na haukushuka. Sikudhani kuna jambo kati yao. Ningekuwa na nafuu kama lingekuwepo: ningewafumania, ningemtupia mtu nguo zake nje, mambo yakaisha. Kilichonila ni kujua kwamba ile sauti ipo. Nimelala ubavuni kwa mtu huyu tangu ujana wetu, kumbe anayo, na hakuwahi kunipa hata siku moja.

Ubaya wa Rochelle ni kwamba hakuwa na ubaya. Alinisaidia zamu za vyoo bila kuombwa. Alituletea pai ya matufaha, nayo ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, nilitamani iwe imeungua.

"Mrembo wako kaleta pai," nikamwambia Dwight.

"Mrembo gani?"

"Kwani unao wangapi?"

"Aa, Glenda! Mama wa watu alikuwa anatetemeka. Ulitaka nimfokee?"

"Mimi nikitetemeka si huwa unanifokea?"

"Wewe? Wewe hutetemeki."

Akakata kipande cha pili. Kila tukivuka daraja jembamba viganja vyangu huloa jasho, navifuta kwenye suruali nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja, na yeye ameketi hapo hapo kando yangu. Wala hajapata kuona.

Basi Jumapili moja Kurt akatuambia tuhame kiwanja. Msonobari uliotuinamia umeoza, kesho unakatwa. Kambi ilikuwa imefurika. Kusikia tu injini yetu inawaka, viti vikaanza kutolewa, na cha Rochelle kikiwemo.

Nikateremsha kioo. "Leo utanielekeza kama ulivyomwelekeza mwenzangu."

"Acha utoto, bibi wewe."

"Basi namwita yeye aje anielekeze."

Akatazama vile viti, akanitazama mimi, akaenda nyuma akichechemea. Alianza vibaya, kwa aibu. "Haya... taratibu... mrembo." Mtu mmoja akacheka. Lakini kidogo kidogo ulimi ukazoea, sauti ikashuka, ikawa ile. Ile ile.

"Kulia kidogo. Safi. Usiwe na haraka, mrembo, nipo hapa."

Uso ulipata moto. Mimi, bibi mwenye wajukuu, nikajiona kwenye kioo natabasamu peke yangu. Kioo hicho hicho kilinionyesha nguzo ya bomba la maji.

"Simama hapo, mrembo."

Nikamsikia.

"Simama, mrembo. Simama basi."

Nikamsikia tena, vizuri kabisa, na mguu wangu haukwenda kwenye breki. Nguzo ikalia *krakk*, maji yakaruka juu kuliko paa.

"GLENDA!"

Watu walishangilia wakasimama. Dwight akaja dirishani, kalowa kichwa mpaka viatu, anahema.

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

"Mara ya pili?"

"Zote mbili."

"Sasa mbona hukusimama?"

"Nilitaka useme tena."

Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye nyusi, hakuyafuta. Kule nyuma Kurt alikuwa anakimbia na spana akiuliza nani kafanya hivi.

"Si ungeniomba tu, Glenda," akasema, safari hii polepole.

"Kwani Rochelle alikuomba?"

 Akarudi nyuma kumsaidia Kurt kufunga maji, na hata maji yalipokwisha kufungwa alibaki ameinama pale, ameshika ile nguzo iliyovunjika.