Bafu la Wageni

Nunziata alidanganya kabla mgeni hajamaliza kuvua viatu.

"Ndiyo, tunaogea hapa," alisema, akisukuma mlango wa bafu la ndani. "Mimi na mume wangu. Kila siku ya Mungu."

Tamsin, mbunifu wa mambo ya ndani ya nyumba, aliyetafutwa na Loredana binti yao, aliingia na tepu yake ya kupimia akasimama katikati. Bafu lilikuwa la waridi kuanzia sakafuni hadi darini. Vigae vilikuwa vimepangwa na mkono usiokosea, na mkono huo ulikuwa wa Saverio, mume wa Nunziata, fundi vigae aliyejulikana Melbourne nzima enzi zake. Alilijenga mwaka 1981. Tangu hapo, hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuoga humo hata mara moja.

Lilikuwa la wageni. Huku Reservoir, kitongoji cha Melbourne, Wakalabria wote wa rika lao, wahamiaji kutoka kusini mwa Italia, waliishi hivyo: jiko la ndani la kutazamwa na jiko la gereji la kupikia, bafu la wageni na bafu la wenyewe. La wenyewe lilikuwa bomba la mvua kwenye kona ya chumba cha kufulia, nyuma ya nyumba, unashuka ngazi mbili za saruji. Hapo ndipo Saverio alipoteleza mwezi Juni akavunjika nyonga. Alilala juu ya saruji ile ya baridi dakika arobaini, akimwita mke wake ambaye alikuwa bustanini hasikii kitu.

Hospitali ilikuwa imesema bila kuzunguka: kama nyumbani hakuna bafu salama, mzee harudi, atapelekwa nyumba ya wazee. Nunziata aliijua nyumba ya wazee. Rafiki yake Concetta alikuwa huko, amefungwa kitambaa shingoni kama mtoto mchanga. Kila alipomfikiria Saverio kwenye kiti cha pembeni yake, alijiapiza kwamba huko haendi.

Kwa nini adanganye basi? Aibu tu, tena aibu ya kijinga, nami nasema hivyo kwa kuwa nampenda. Utamwambiaje mtu baki, mwenye mchoro wa nyumba mkononi, kwamba miaka yote hii mmekuwa mkioga kando ya mashine ya kufulia?

Tamsin alifungua bomba la hodhi la kuogea. Likakohoa, likatema maji ya kutu.

"Bibi, bomba hili lina nini?"

"Maji ya siku hizi, mwanangu. Hovyo kabisa."

"Na sabuni?" Ilikuwa na umbo la kombe la baharini, imepasuka kwa ukavu.

"Tunatumia ya maji."

Tamsin akaketi ukingoni mwa hodhi, akaweka tepu mapajani. "Nimefanya kazi mitaa hii miaka tisa," alisema taratibu. "Nionyeshe mnapooga kweli."

Njia ya mwongo ni fupi. Walishuka ngazi mbili, Nunziata mbele, uso unawaka kwa aibu. Tamsin alitazama lile bomba kati ya mashine na chupa za rojo ya nyanya, akatazama kigoda cha plastiki na ile saruji iliyolainika kwa kukanyagwa. Hakucheka. Alipima upana mara moja akatikisa kichwa.

"Huku fremu ya mzee ya kutembelea haipiti. Itabidi liwe lile la ndani. Nitavunja lote. Hodhi litoke, sakafu iwe sawa na ya ukumbini, aingie bila kuinua mguu. Lakini sichukui kazi hii bado."

"Kwa nini? Hela tunazo! Sisi si ombaomba."

"Siyo hela, bibi. Mwaka juzi nilimtengenezea mama mmoja bafu, mtaa wa tatu kutoka hapa. Zuri ajabu. Akalifunga, akawawekea wageni. Mume wake akaendelea kushuka kufulia. Unajua mwisho wake."

Nunziata alijua. Alikuwa amepeleka sufuria ya supu msibani.

"Kamwambie mzee," Tamsin alisema, akivaa viatu. "Akikubali kuoga humo, nipigie siku hiyohiyo. Asipokubali, sitaki kujenga bafu la pili la makumbusho."

Kesho yake, hospitalini, Nunziata alimkuta Saverio kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, ndevu hazijanyolewa. Alimpa mchoro. Mzee aliusogeza mbali na macho, na kwa dakika nzima alikuwa fundi tena.

"Mteremko wa maji uko wapi? Huyu msichana anajua kuwa maji hayapandi mlima?"

"Uko hapo, kwenye mshale."

"Hm." Kisha fundi akaondoka, akabaki mzee. "Wanavunja langu?"

"Wanavunja."

"Na wageni wataoga wapi?"

"Wageni gani, Saverio?"

"Wageni! Watu wetu! Unauliza kama hujui?"

"Nitajie mmoja."

Aliinua kidole gumba. "Rocco."

"Jeneza la Rocco ulilibeba mwenyewe."

"Concetta."

"Juzi Concetta kaniuliza mimi ni nani. Mimi niliyesimamia ndoa yake!"

Kidole cha tatu kilibaki hewani. "Mama..." alianza. Mama yake ndiye aliyetakiwa kuja mwaka ule wa 1981, kutoka kijijini. Tiketi ilishakatwa. Alifariki wiki mbili kabla ya kupanda ndege, na saruji ya vigae ilikuwa bado haijakauka.

"Kwa hiyo niliwajengea nani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nunziata alitaka kumbembeleza. Miaka hamsini na minne ya ndoa ilimfundisha maneno ya kumtuliza. Lakini kilichotangulia kutoka kilikuwa hasira, hata yeye ilimshtua.

"Wafu. Uliwajengea wafu, na mimi nikawasugulia. Kila Jumamosi, Saverio, kwa magoti haya haya, nasugua bafu lisilo na uchafu! Sasa nimechoka. Mimi namtaka mume wangu nyumbani."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kwa adabu. Saverio alitazama nje, kwenye maegesho ya magari. Nunziata alijua akimgusa sasa watalia wote wawili.

"Wavunje kabla sijarudi," alisema hatimaye. "Sitaki kusikia nyundo."

Ila Nunziata angesikia. Asubuhi ya kuvunja, mafundi watatu walifika na nyundo zao na ndoo za vifusi, Tamsin akiwaongoza. Nunziata akasimama mlangoni mwa bafu kama askari.

"Nipeni nusu saa," alisema. "Kahawa iko gerejini. Nendeni."

Aliacha bomba litiririke mpaka kutu ikaisha, akajaza hodhi, akavua nguo, akaingia. Maji yalikuwa ya moto papo hapo. Kule kufulia ulisubiri uchi mpaka bomba lipate joto, na mwezi wa Julai vidole vya miguu vilikuwa vinakufa ganzi. Kumbe joto lilikuwa hapa, hatua sita kutoka kitandani kwake. Alilia kwa uchungu, na sehemu kubwa ya uchungu huo ilikuwa hasira: kwa Saverio, kwa mama mkwe asiyewahi kumwona, na kwake mwenyewe zaidi.

Alipotosheka akataka kuinuka. Mikono iliteleza kwenye vigae. Akajaribu tena, magoti yakakataa. Mara ya tatu akarudi chini kwa kishindo, maji yakamwagika sakafuni. Alitulia akisikiliza. Nje mafundi walikuwa wakicheka. Maji yalianza kupoa, naye akaona jinsi dakika arobaini zinavyoweza kuwa ndefu. Akiita, mtu baki atamwona alivyo. Akinyamaza, ataganda humu na heshima yake.

"Tamsin!" aliita. "Njoo peke yako!"

Tamsin aliingia, akaona. Alikanyaga ndani ya hodhi na suruali yake, akampitishia mikono makwapani. "Nishike shingoni, bibi. Moja, mbili..."

"Usinitazame."

"Natazama vigae."

"Vizuri, eh?"

"Hakuna hata kimoja kilichopinda."

Walitoka wakiwa wameshikana, wote wawili wanachuruzika maji. Nunziata aliketi kwenye kifuniko cha choo akiwa amejifunga taulo la tarizi ambalo halikuwahi kumfuta mtu. Tamsin alimpapasa mgongo.

"Vile vyuma vya kushikia," Nunziata alisema, "kwenye mchoro umepima urefu wa Saverio."

"Ndiyo."

"Nipime na mimi."

Akasimama, mkono mmoja umeshika taulo, akanyoosha ule mwingine ukutani mahali ulipofika bila kujikaza. Tamsin akapima kutoka sakafuni, akaandika namba kwa penseli kwenye kigae cha waridi, akainakili daftarini. Kisha akawaita mafundi.